Sharti na Natija: Maana ya "Kama... Basi" Katika Maneno ya Kila Siku

Katika elimu ya mantiki, kauli ya sharti ni kauli yenye sehemu mbili: ya kwanza ni sharti, ya pili ni natija. Katika Kiswahili kauli hii huundwa kwa "kama... basi", na zaidi kwa viambishi -ki- na -sipo- ndani ya kitenzi. Kila mtu huitumia tangu utotoni, lakini si kila mtu atambuaye inasema nini na haisemi nini. Nakusudia kuieleza kwa mifano ya Geita na Shinyanga, na mwishoni msomaji ataona kwamba kosa dogo la mantiki laweza kumwua mtu.

Tuanze katika machimbo ya Geita. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, awaambia wachimbaji wake: "Tukikuta dhahabu, nitachinja mbuzi." Mambo manne yaweza kutokea. Wakikuta dhahabu naye akachinja, ametimiza ahadi. Wakikuta naye asichinje, ameivunja. Wasipokuta naye asichinje, hana lawama. Je, wasipokuta naye akachinja ili kuwatuliza moyo? Hapo pia hakuvunja ahadi, kwa maana hakusema lolote juu ya siku ya kukosa. Basi kauli ya sharti huvunjwa na jambo moja tu: sharti kuwapo na natija kutokuwapo.

Kwa sababu hiyo zipo kauli mbili zilizo sawa nayo. Ya kwanza ni hii: "Ama hatutakuta dhahabu, ama nitachinja mbuzi," tukikubali kwamba yote mawili yaweza kutokea pamoja. Ya pili hupatikana kwa kugeuza pande zote mbili na kuzikanusha: "Nisipochinja mbuzi, jueni hatukukuta dhahabu."

Njia hii ya pili mchimbaji huitumia apimapo punje. Dhahabu ikigongwa kwa nyundo hutandazika, haivunjiki. Pairiti, ambayo ni madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa manjano, huvunjika ikawa unga. Mchimbaji akiona unga husema, "Si dhahabu," na hoja yake ni sahihi. Lakini punje ikitandazika, hawezi kusema mara hiyo, "Ni dhahabu," kwa maana shaba na risasi nazo hutandazika. Kugeuza kauli bila kuikanusha huleta kauli nyingine kabisa.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Husemwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima wa pamba wa Shinyanga ameona mawingu mengi yakipita bila kumwachia tone. Tena husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala methali haikuahidi kwamba azibaye ufa hatajenga ukuta kamwe. Mwenye kutaka kufunga pande zote mbili anayo maneno yake katika lugha. Mwenye duara angalisema, "Tukikuta dhahabu ndipo nitachinja mbuzi," wachimbaji wangalielewa kwamba bila dhahabu hakuna mbuzi. Neno "ndipo" hubeba mzigo ambao -ki- peke yake haiubebi.

Sasa tufike penye uzito wa jambo. Katika nchi ya Usukuma, Shinyanga ikiwamo, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi dalili iliyotajwa ni macho mekundu. Hoja yenyewe ni hii: "Mtu akiwa mchawi, macho yake huwa mekundu; bibi huyu ana macho mekundu; basi ni mchawi." Hata tukiikubali kauli ya kwanza kwa ajili ya mjadala tu, natija haifuati. Ni kosa lile lile la kuiita risasi dhahabu kwa kuwa imetandazika.

Macho mekundu yana sababu nyingine nyingi. Miti ya Shinyanga ilifyekwa sana, kwanza ili kuondoa mbung'o, kisha kwa mashamba na kuni, hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Penye uhaba wa kuni, wapishi huwasha mabua na samadi kavu, na bibi aliyepika maisha yake yote katika moshi huo, macho yake hayawezi kubaki meupe. Wala hatusemi kwamba kila jicho jekundu ni la moshi, tusije tukarudia kosa lile lile. Yapo pia maradhi kama trakoma, na mwenye kupambanua ni tabibu.

Kwa hiyo mwalimu afundishaye -ki- asiishie katika kuwaonyesha wanafunzi mahali pa kiambishi. Awaulize pia: je, kauli hii ikigeuzwa, ingali kweli? Mwanafunzi aliyezoea swali hilo darasani aweza kuliuliza kijijini pia, siku jirani watakapoanza kunong'ona juu ya macho ya bibi.