Kipupwe Kilipokuja na Joto

Julai hapa kwetu Namtumbo ni mwezi wa sweta. Wanakwaya huingia kanisani asubuhi wamejitanda vitenge juu ya sare, na watoto wachanga huletwa kliniki wamefungwa mpaka nesi anajiuliza uso uko upande gani. Ndivyo tulivyozoea. Kipupwe ni Juni hadi Agosti, na baridi yake huletwa na upepo wa kusi, utokao baharini kusini mashariki, ambako miezi hiyo ndiyo ya baridi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, si kila kipupwe hufuata kalenda. Naikumbuka wiki moja ya Julai ambayo upepo ulivuma kwelikweli, ukang'oa makuti ya banda langu la kuku na kujaza vumbi kwenye sufuria, lakini baridi haikuwemo. Mchana tulitokwa jasho kama Oktoba. Wiki hiyohiyo jirani yangu, bibi mwenye wajukuu wengi, alipigiwa simu na mwanawe anayebeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro. Kijana alisema theluji imeanguka usiku, na pale kambi ya Barafu mahema yameamka meupe.

Bibi alikuja kwangu mbio. "Nesi, baridi iko njiani. Imeshafika Kilimanjaro!" Akarudi kwake kufungua sanduku la mablanketi kwa ajili ya kitukuu wake wa wiki tatu.

Kesho yake mama wa mtoto alifika kliniki analia. Mtoto ana homa, alisema, tangu alfajiri anachemka. Nilimfungua blanketi, kisha kanga mbili, kisha sweta, kisha kofia ya sufu. Ndani ya hayo yote mtoto alikuwa mwekundu na nywele zimelowa. Kipimo kilisoma nyuzi 37.9, wakati mtoto mchanga anatakiwa kuwa kati ya 36.5 na 37.5. Nilimchunguza kitovu, nikamhesabia pumzi, nikaona ananyonya kwa nguvu. Nikamwacha na nguo moja nyepesi, mama akakaa naye kivulini akimnyonyesha. Baada ya nusu saa kipimo kilisoma 37.2, na kilipita saa nyingine hakijapanda.

Akina mama, naomba msinielewe vibaya. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni jambo zito, na wa kuiamua ni mtaalamu aliyempima, si mama aliye nyumbani. Mtoto asiyenyonya, aliyelegea, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika au aliyepata degedege akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba mtoto havishwi kwa kuangalia mwezi ukutani. Mguse kifuani au mgongoni. Mikono na miguu hudanganya, kwani huweza kuwa ya baridi wakati mwili una joto jingi. Mchana wa kawaida mtoto mchanga hutosheka na nguo moja zaidi ya ile uliyovaa wewe. Na joto likizidi, asipewe maji kabla ya miezi sita. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Jioni nilipita kwa bibi kumpa pole, maana alikuwa na aibu. Swali lake lilikuwa zuri: inawezekanaje theluji ianguke Tanzania na sisi Tanzania hiyohiyo tutokwe jasho?

Nilimkumbusha safari ya Njombe. Tukiondoka Songea, mji ulio kama meta 1,100 juu ya bahari, tunavaa blauzi. Gari likishapanda Lukumburu kila mtu anatafuta mtandio, na Njombe, karibu meta 2,000, tunashuka tunatetemeka. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kilele cha Kilimanjaro kina meta 5,895. Siku ambayo Songea ina nyuzi 26, kule juu maji huganda, na wingu lenye unyevu likipita huangusha theluji. Theluji nyingi ya mlima ule huanguka wakati wa masika na vuli. Ya Julai huja mara chache. Haiteremki kutufuata. Hali yetu ya hewa iko mikononi mwa upepo unaotufikia, na upepo ukija bila ubaridi wake, tunapata vumbi na jasho.

Bibi asione haya, kwani wasomi waliteleza palepale. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima mwezi Mei 1848, akaandika kwamba kileleni kuna theluji. London mtaalamu wa jiografia, William Cooley, alikataa katakata, maana theluji karibu na Ikweta aliiona haiwezekani. Kiongozi wa msafara wa Rebmann yeye aliueleza ule weupe kwa neno moja tu: baridi. Barafu ile ya zamani sasa inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika kama kilometa za mraba 12; kufikia mwaka 2011 hazikubaki hata 2.

Kilichonitisha zaidi jioni ile kilikuwa chumbani. Kwa sababu ya upepo bibi alikuwa amefunga madirisha, akaziba upenyo wa mlango kwa gunia, na katikati ameweka jiko la mkaa linalowaka. Mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Tulilitoa nje pamoja. Huko nje, upande wa mashamba, moshi ulikuwa unapanda; vijana walikuwa wamewasha nyasi kuwinda panya, katika upepo ule! Wanaume wa mtaa walikwenda na matawi mabichi na kuuzima saa mbili usiku.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa kipupwe kabla hakijaanza, na bibi husikiliza redioni. Lile blanketi zito limerudi sandukuni. Kofia ya sufu ameiacha msumarini, kwa ajili ya alfajiri. Na mwanawe akipiga simu kutoka mlimani, humuuliza kwanza yeye amevaa nini.