Vijiko Vipya Vyenye Kutu



Katika kantini ya shamba moja la chai, ambalo hatutalitaja, mwenzetu alikatwa mdomo na kijiko. Kijiko hicho kilikuwa na miezi mitatu tu tangu kinunuliwe, tena nyuma yake kimegongwa muhuri wa STAINLESS STEEL. Ngozi ya juu ilikuwa imebambuka, na chini yake mlikuwa kutu tupu.

Chuma hakizuii kutu kwa sababu kinang'aa. Kinazuia kwa sababu kimeyeyushwa pamoja na kromiamu, angalau sehemu kumi na nusu katika mia. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao ukikwaruzwa hujifunga tena wenyewe. Kijiko cha mwenzetu kilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa kromiamu juu tu, kama ukuta wa udongo uliopigwa chokaa.

Basi tazameni namba. Kijiko kizuri huandikwa 18/10, 18/8 au 18/0. Namba ya kwanza ni sehemu za kromiamu katika mia, ya pili ni nikeli. Nikeli husaidia sana kuzuia kutu, nayo ni ghali. Kwa hiyo viwanda vingine huipunguza na kutia manganizi mahali pake. Kijiko hicho hung'aa vilevile dukani, lakini chumvi, ndimu na nyanya hukishinda mapema. Muhuri wenye maneno bila namba hautoshi.

Wengine hupima kwa sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Si vibaya, lakini isiwadanganye. Chuma kilichopakwa hushikwa na sumaku, na 18/0 pia hushikwa, ingawa si kibovu. Kisu kizuri nacho hushikwa, kwa kuwa makali yake hutaka chuma kigumu. Na kile cha manganizi mara nyingi hakishikwi! Afadhali pitisheni kidole polepole ukingoni na katikati ya meno ya uma. Pakikwaruza, kirudisheni. (Ambaye ngozi yake huwashwa na hereni au saa ya nikeli, kwake 18/0 ndicho bora.)

Hata kijiko kizuri huharibiwa na uoshaji. Kukilaza usiku kucha katika maji ya chumvi au dawa ya klorini hukitoboa vishimo vidogo, na kukisugua kwa waya wa chuma huacha chembe zinazoshika kutu. Wapishi waelezwe hayo kabla ya kulaumiwa.

Kamati za matawi ziombe kuona vijiko kabla meneja hajalipa. Hapa Uganda, malalamiko juu ya bidhaa mbovu hupelekwa kwa shirika la viwango, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Pelekeni kijiko chenyewe pamoja na risiti, maana bila risiti mwenye duka atakana.