Kabla ya Kuandikishana: Ukaguzi wa Nyumba ya Zamani Kibara

Anayenunua nyumba Kibara siku hizi huwezi kumlaumu kwa uzembe wa karatasi. Atauliza mipaka kwa majirani, atataka mwenyekiti wa kitongoji awepo, ataomba mke wa muuzaji naye aweke sahihi kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Akisikia kuna ndugu anayenung'unikia urithi, fedha hazitoki mpaka ndugu huyo aitwe na aseme mbele ya watu. Baada ya uangalifu wote huo, jengo lenyewe linatazamwa kwa muda wa kunywa chai. Mnunuzi anapita vyumbani, anafungua bomba, anasifu rangi, na kesho yake wanaandikishana.

Nyumba yenye umri wa miaka thelathini au arobaini inastahili kuchunguzwa kwa bidii ileile inayotumika kuchunguza umiliki wake. Uchunguzi huo ufanyike kabla ya advansi kutoka, na ufanywe na mtu asiye na faida yoyote katika mauzo. Sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka kwa Waingereza humtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Muuzaji akikudanganya waziwazi una pa kushika, lakini kasoro ambayo ungeweza kuiona kwa kukagua, kwa kawaida, ni mzigo wako.

Wengi hudhani kazi hiyo imekwisha kufanywa na mthamini, hasa pale benki inapohusika. Mthamini, ambaye taaluma yake ina sheria yake ya mwaka 2016, anatafuta thamani ya mali sokoni: eneo, ukubwa, hali ya jumla, bei za jirani. Hapandi darini na hachimbui msingi, na hajaombwa kufanya hivyo. Uingereza, ambako nyumba nyingi zimezidi miaka mia, wapimaji wa chama cha RICS wametenganisha kazi hizi: uthamini ni kitu kimoja, na ukaguzi wa nyumba una ngazi tatu, ya tatu ikiwa ndiyo ya kina zaidi, inayopendekezwa kwa nyumba za zamani au zilizobadilishwabadilishwa. Kwetu hakuna ngazi zenye majina, lakini kazi yenyewe inawezekana. Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi anaweza kuifanya akiambiwa wazi nini kinatakiwa.

Kwa nini Kibara hasa? Kwa sababu ya ardhi. Ukitoka Bunda kupitia Kibara kuelekea Kisorya kwenye pantoni la Ukerewe, unapita aina za udongo ambazo hazifanani kabisa. Kuna majabali yaliyojitokeza juu, kama yale ya Butiama na Musoma. Kuna kichanga cha ufukweni mwa Ghuba ya Speke. Halafu kuna udongo mweusi wa mbuga, ule ambao masika unashika kiatu na kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia. Udongo huo ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba iliyo juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Msingi mfupi, wa kimo cha goti, umelala ndani ya tabaka hilohilo linalocheza. Aliyejenga hapo mwaka 1985 huenda hakuwa na fedha ya kuchimba zaidi, na si kosa la kumcheka mtu. Ila wewe unayenunua leo unapaswa kujua umenunua nini.

Kwenye majabali kuna tatizo la aina nyingine. Nyumba inaweza kuwa kona moja juu ya mwamba na kona nyingine juu ya kifusi kilichojazwa ili kusawazisha kiwanja. Mwamba haushuki, kifusi kinashuka, na ukuta unapasuka pale pande mbili zinapokutana. Mhandisi mzuri atataka kuchimba shimo dogo kando ya msingi, kona mbili angalau, aone umeshuka kiasi gani na umekalia nini. Shimo hilo kijana mwenye sululu analichimba asubuhi moja na kulifukia jioni. Katika ukaguzi wote sioni kazi yenye gharama ndogo na manufaa makubwa kuliko hiyo.

Nyufa ndizo zinazotisha watu, na ndizo zinazosomwa vibaya zaidi. Nyumba ya zamani isiyo na ufa hata mmoja mimi ningeiogopa kidogo, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba imepigwa lipu na rangi wiki iliyopita. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa huku na huku juu ya lipu, ni lipu yenyewe iliyokauka haraka. Ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, unaeleza kwamba upande mmoja wa msingi umeshuka au umenyanyuka. Ufa wa ngazi ngazi unaofuata viungo vya tofali unasema hivyohivyo. Ufa wa mlalo karibu na juu ya ukuta huweza kumaanisha paa linasukuma kuta kwenda nje. Kisha unazunguka upande wa pili wa ukuta. Ukiukuta ufa huohuo nje, mahali palepale, ujue umepita tofali zima.

Upana nao hupimwa. Kituo cha utafiti wa ujenzi cha Uingereza, Building Research Establishment, kiliweka kipimo ambacho wahandisi wengi hukifuata: ufa usiozidi milimita 5 huhesabiwa zaidi kuwa dosari ya sura, kati ya 5 na 15 milango na madirisha huanza kukwama, ukipita 25, uimara wa jengo wenyewe uko mashakani. Ila muhimu kuliko upana ni kujua kama ufa bado unatembea. Ufa wa zamani uliotulia una kingo zilizochakaa, vumbi na utando wa buibui ndani, na rangi ya miaka iliyopita imeingia humo. Ufa ulio hai una kingo kali na tofali safi ndani yake. Njia ya mafundi wazee ni kugandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, na kuandika tarehe kando yake kwa penseli. Ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Muuzaji akikubali kusubiri kutoka kiangazi hadi vuli, kioo hicho kitakueleza mengi kuliko maneno ya dalali yeyote.

Mkaguzi atatazama pia miti. Mkaratusi ulio hatua chache kutoka ukutani, juu ya udongo wa mbuga, unanyonya maji upande mmoja wa nyumba na kuuacha upande huo ushuke. Tena ukiukata ghafla, udongo unarudisha maji na kuvimba, kwa hiyo hata kuukata kunahitaji ushauri. Atatazama paa lisilo na mifereji, ambalo kwa miongo limekuwa likimwaga maji ya mvua palepale chini ya ukuta mpaka mawe ya msingi yamebaki wazi.

Ukuta wenyewe umejengwa kwa nini? Swali hili linaonekana la kitoto mpaka ujaribu kulijibu. Nyumba nyingi za zamani za ukanda huu zilijengwa kwa tofali mbichi na udongo enzi ambazo pamba ndiyo ilileta fedha, kisha zikavalishwa lipu ya saruji baadaye. Nyingine zilijengwa haraka miaka ya 1990 fedha za sangara zilipoingia, kwa tofali za kuchoma na mchanga wa karibu, ambao mara nyingi ni laini mno na wenye tope. Nje zote zinafanana. Pa kuangalia ni juu ya dari. Wengi hawapigi lipu sehemu ya ukuta iliyofichwa na siling bodi, kwa hiyo ukipanda na tochi unakutana na tofali lenyewe likiwa uchi, na viungo vyake. Chukua msumari ukwangue kiungo: kikitoka unga kama wa mhogo, mchanga ulikuwa mbaya au saruji ilibaniwa.

Hukohuko juu utaona kama kuna mkanda wa zege unaozunguka kuta zote au linta zimewekwa juu ya milango na madirisha tu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa. Watu wasiopungua 17 walikufa na maelfu ya nyumba yaliharibika, na kuta za tofali na udongo zisizofungwa pamoja ndizo ziliporomoka kwa urahisi. Mkoa wetu wa Mara haujapata pigo la namna hiyo kwa siku za karibuni, lakini mkanda wa zege unafaa hata pasipo tetemeko, maana ndio unaozuia kuta kuachana kwenye kona pale mbuga inapoanza kucheza.

Kenchi nazo zichomwe kwa bisibisi, hasa pale mbao zinapokalia ukuta, kwa kuwa mchwa hupanda ndani ya ukuta wa udongo bila kuonekana na kuingilia hapo. Mbao iliyoliwa inabaki na ganda zuri nje. Kama paa ni la asbesto, kama lilivyo kwenye baadhi ya majengo ya zamani ya serikali na misheni, usiruhusu mtu alikate wala kulisugua. Vumbi lake husababisha saratani, na gharama ya kuliondoa salama iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Unyevu una ishara zake: chumvi nyeupe inayochanua chini ya ukuta, lipu inayobanduka hadi kimo cha paja, na rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu. Hiyo ya mwisho iulizie vizuri. Wayaringi ya zamani isiyo na waya wa ardhi ibadilishwe yote, hapana mjadala.

Jambo ambalo mhandisi kutoka Musoma au Mwanza hawezi kulijua peke yake ni mashimo. Kiwanja cha miaka arobaini kimekuwa na vyoo viwili, vitatu; kila kimoja kilipojaa kilifukiwa na familia ikachimba kingine. Baadaye nyumba iliongezwa chumba, na jamvi la chumba hicho likalalia shimo la zamani. Hapo uliza wazee, ukiwezekana mama aliyeolewa kwenye mji huo zamani: choo cha kwanza kilikuwa wapi? Makaburi yako wapi? Kwetu Mara watu huzikwa nyumbani, na kaburi lisilotajwa kwenye mkataba huja kuzungumza baadaye.

Mahali nyumba ilipo napo papimwe kwa futi kamba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati, na kila aliyesafiri Tanzania amekwisha kuona alama ya X kwenye kuta za nyumba. Nyekundu kwa kawaida haina fidia, ya kijani inayo. Upande wa ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ufukwe wenyewe hausimami mahali pamoja. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Mei 2020 rekodi ya 1964 ilivunjwa, na mwaka 2024 maji yakapanda tena. Mwulize mvuvi yeyote mwaloni maji yalifika wapi miaka hiyo, kisha upime kutoka hapo.

Ugumu mkubwa wa ukaguzi, nionavyo, ni aibu. Mnunuzi anaogopa kumuudhi muuzaji, hasa akiwa mtu mzima anayeheshimika. Lakini maneno yapo: “Mzee wangu, nyumba nimeipenda na bei tumesikilizana. Naomba kabla hatujaandikishana nije na mtaalamu aitazame, nijue ya kurekebisha nikihamia. Shimo atakalochimba nitalifukia mwenyewe.” Wengi watajibu, “Njoo naye tu, mwanangu.” Fundi wa mtaani naye awepo siku hiyo, anaujua udongo na huenda alishiriki kujenga. Ila ripoti isiwe yake, kwa kuwa anayetarajia kupewa kazi ya ukarabati ana sababu ya kuukuza au kuupunguza ubovu.

Ripoti iandikwe. Iseme kila kasoro iko wapi, chanzo chake ni nini, ipi ishughulikiwe kabla ya kuhamia na ipi inaweza kusubiri, na makadirio ya gharama kwa bei za vifaa za Bunda. Karatasi hiyo ndiyo inayorudi mezani. Tuseme nyumba imetajwa milioni 30 na ripoti inaonyesha milioni 6 za kenchi na kona ya msingi: mnazungumza juu ya kenchi na kona ya msingi, na mzee haoni kwamba unamdharau au unabana tu. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024, serikali iliunda kamati ikague majengo ya eneo lile baada ya watu kuwa wamekwisha kufa. Nyumba ya chini ya Kibara haiundiwi kamati. Mkaguzi wake ni yule utakayemlipia nauli wewe.

Kama muuzaji anakataa kabisa watu kupanda darini, na bado unaitaka nyumba hiyo, rudi siku ya mvua kubwa, usimame nje kona ya nyuma, uone maji yanaelekea wapi. Ukiona yanatuama chini ya ukuta juu ya udongo mweusi, toa bei ya kiwanja peke yake.