Shanzu baada ya Shakahola: Imani ya nani, na nani anailipia?

Juni 2023, watu 65 walifikishwa katika mahakama ya Shanzu wakikabiliwa na shtaka la kujaribu kujiua. Hawakuwa wamekunywa sumu wala kujirusha baharini. Walikuwa wamekataa kula. Watu hao waliokolewa wakiwa hai katika msitu wa Shakahola, wakapelekwa kituo cha uokoaji upande wa Mtwapa, wakawekewa chakula mbele yao, wakasema hapana. Kutoka kituoni wakaishia gereza la Shimo la Tewa.

Kama wewe ni mkazi wa Shanzu, Utange au Bamburi, unajua jinsi miezi ile ilivyokuwa. Malindi ilipata maiti, Shanzu ikapata washukiwa. Magari ya magereza yalikuwa yakipita na ving'ora, wanahabari wamejaa langoni mwa mahakama, na kwenye matatu hapakuwa na hadithi nyingine. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Upasuaji ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto wadogo, walinyongwa au walizibwa pumzi. Paul Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa la Good News International, pamoja na washtakiwa wenzake wamekana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama, si yangu.

Lakini kuna hukumu nyingine ambayo vijana wa mtaani walishaitoa zamani, tena bila wakili. Tangu wakati huo, mtu akikuambia "mimi nimeokoka" unamtazama mara mbili. Mama akisema anaenda kesha, watoto wanauliza ni kesha la wapi na linaisha saa ngapi. Kijana akianza kufunga siku tatu, nyumba nzima inaingiwa na wasiwasi. Kufunga! Jambo ambalo Wakristo na Waislamu wa Pwani wamelifanya miaka na mikaka bila mtu kushtuka, sasa linahitaji maelezo.

Kwa hivyo ukiniuliza leo Mkristo wa mfano ni yupi, sitakutajia anayeomba kwa sauti kubwa. Hata wale 65 walikuwa wakiomba. Nina kipimo kimoja tu, nacho ni cha kibiashara kidogo: imani yako ikifika wakati wa kulipwa gharama, nani anatoa mfukoni? Wewe, au waliokuamini?

Kipimo hiki sikukiokota hewani. Kipo kwenye historia ya hapa hapa, ila hatufundishwi vizuri.

Panda matatu pale Shanzu, ya kwenda mjini. Utapita Bamburi, Kiembeni, Bombolulu, kisha kabla ya kufika daraja la Nyali makanga atapiga kelele: "Kengeleni! Kuna wa Kengeleni?" Wengi wetu tumeshuka hapo mara mia bila kujiuliza kengele yenyewe ni ipi. Ipo. Ni ile iliyoning'inizwa kwenye mnara mdogo kandokando ya barabara, ya makazi ya Frere Town. Makazi hayo yalianzishwa na wamishenari wa Kianglikana wa CMS mwaka wa 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Meli za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watu, na waliokombolewa walihitaji mahali pa kuishi. Kengele ililia kuwaita watu kanisani, na pia kuwaonya kwamba wasaka watumwa wako njiani.

Usidhani Frere Town ilikuwa mbinguni. Msimamizi mmoja Mzungu, J. R. Streeter, aliwachapa viboko watu hao hao waliokuwa wametolewa utumwani, hadi malalamiko yakafika kwa balozi wa Uingereza, uchunguzi ukafanywa na akaondolewa. Naitaja hadithi hii kwa sababu tunapenda kuambiwa kwamba mfano mwema uliletwa na meli. Ukweli una mikunjo zaidi. Waliofundisha maana ya Ukristo wakati ule, mara nyingi, walikuwa Waafrika wenyewe.

Chukua William Jones. Alikuwa mmoja wa wale walioitwa "Waafrika wa Bombay": alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa baharini, akalelewa na kusomeshwa India, akajifunza uhunzi, kisha akarudi Afrika Mashariki kuhudumu. Baadaye alitawazwa kuwa kasisi. Akiwa Rabai miaka ya 1880, watoro walianza kumiminika. Mtoro wakati huo hakuwa mwanafunzi aliyeruka ua la shule. Alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na kisheria alikuwa bado mali ya mtu. Kumpokea ilikuwa sawa na kukaa na kitu cha wizi. Wakubwa wa misheni hawakutaka ugomvi na wenye watumwa wa Mombasa, na amri zilitoka kwamba watoro wasipokewe. Jones aliendelea kuwapokea.

Mwaka wa 1888 mambo yakaiva. Wenye watumwa walitaka watu wao, na vita vilinukia. Mwishowe kampuni ya Waingereza ya IBEA ililipa fidia, na tarehe mosi Januari 1889, pale Rabai, zaidi ya watu 1,400 walipewa vyeti vya uhuru. Aliyevigawa, kwa niaba ya kampuni, aliitwa George Mackenzie. Majina yamegongana tu, usitafute unabii hapo.

Kuna hadithi nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Bara ya Kilifi, katika nchi ya Wagiriama, kulikuwa na kijiji kilichoitwa Fuladoyo. Hakikuanzishwa na Mzungu. Kilianzishwa na Mgiriama, Abe Ngoa, pamoja na waumini wachache, na kikawa kimbilio la watoro waliokuwa wakitafuta mahali pa kulala bila minyororo. Kiongozi mmoja wa kijiji hicho alikuwa David Koi. Mwaka wa 1883 wasaka watumwa walimkamata na kumuua. Anatajwa kuwa Mprotestanti wa kwanza Mwafrika kuuawa kwa ajili ya imani katika nchi hii tunayoiita Kenya.

Sasa ziweke Fuladoyo na Shakahola mkono huu na mkono huu. Zote mbili ni habari za Wakristo walioacha miji na kujenga porini, katika eneo lile lile la bara ya Kilifi. Wote walisema wanamfuata Yesu. Lakini Fuladoyo watu walikimbilia ndani ili waishi, na kiongozi akafa. Shakahola, kulingana na ushahidi uliotolewa, waliojaribu kukimbia walizuiwa wasitoke, na waliokufa ni wafuasi na watoto wao.

Sihitaji digrii ya theolojia kuona tofauti.

Tofauti hii ndiyo iliyowakera vijana wa Kenya nzima mwaka wa 2024, ingawa watu wengi wanakumbuka tu Mswada wa Fedha na vitoa machozi. Katikati ya maandamano ya Juni, vijana waliyageukia makanisa pia. Waliuliza kwa nini mwanasiasa aliyepitisha ushuru Jumanne anapewa mimbari na maikrofoni Jumapili akiwa na bahasha. Wazee wengi walisema ni utovu wa adabu. Lakini Novemba mwaka huo, Dayosisi Kuu Katoliki ya Nairobi ilirudisha pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa la Soweto, Embakasi, kwa kwaya na kwa ujenzi wa nyumba ya padri. Kanisa lilirudisha mamilioni ya shilingi huku nyumba ya padri ikiwa bado haijakamilika. Hapo gharama ilibebwa na nani? Na kwaya, na padri, na waumini wenyewe. Ndiyo maana habari ile ilisambazwa na hata vijana ambao kanisani huwaoni ila kwenye harusi.

Serikali nayo ilikuwa imeunda jopo baada ya Shakahola, likiongozwa na Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK, nalo likawasilisha ripoti Julai 2024 likipendekeza sheria ya kusimamia mashirika ya dini. Wachungaji wengi hawaitaki sheria hiyo, wana sababu zao, na baadhi ni za maana. Ila sheria haiwezi kumfanya mtu awe mfano. Itamfanya ajaze fomu.

Turudi Shanzu basi, maana mtaa huu una mitihani yake ambayo haimo kwenye ripoti yoyote ya Nairobi.

Wa kwanza ni gereza. Shimo la Tewa lina jina la samaki, yule tewa mnene wa mwambani, lakini walio ndani ni watoto wa watu. Baadhi yao ni mahabusu walioshindwa na dhamana ambayo mtu mwingine angeilipa kwa simu akiwa kwenye foleni ya chipsi. Kuna waumini wa madhehebu mbalimbali wanaokwenda kuwatembelea wafungwa. Wakienda na kamera, mabango na fulana zenye picha ya mchungaji, unajua wamekuja kujitembelea wenyewe. Yule ninayemheshimu ni yule anayekwenda na sabuni, anajaza jina lake kwenye daftari, anasikiliza, anaondoka, na mwezi ujao anarudi kwa yule yule. Zaidi ya yote, namheshimu anayempa kazi mtu aliyetoka humo. Kuhubiri ndani ya ukuta ni rahisi. Kumkabidhi mtu aliyefungwa kwa wizi ufunguo wa duka lako la vipuri, hiyo ni imani yenye risiti.

Wa pili ni ufuo. Shanzu inakula kwa hoteli, tusidanganyane. Na pamoja na hoteli kuna biashara ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Mwaka wa 2006 utafiti uliofanywa na UNICEF pamoja na serikali ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya watalii ya Pwani walikuwa wakitumiwa kingono, kuanzia Malindi hadi Diani. Takwimu ni za zamani, biashara si ya zamani. Ili msichana wa miaka 15 amfikie mteja, kuna mnyororo: mwenye tuktuk, mlinzi wa lango, mwenye nyumba ya kupangisha kwa siku, kijana wa ufuoni aliyepiga simu. Kila mmoja anapata kitu kidogo. Na katika mnyororo huo, jameni, kuna watu wanaoimba kwaya.

Hapa ndipo mahubiri mengi ninayoyasikia yanapokwepa kona. Mchungaji atakemea sketi fupi ya binti nusu saa nzima, lakini hatamkemea mwenye nyumba aliyekaa kiti cha mbele, maana zaka yake ndiyo inalipa umeme. Dereva wa tuktuk anayekataa safari hiyo na kupoteza mia tano usiku ule hatapewa nafasi ya kutoa ushuhuda Jumapili. Labda hata hajui kwamba alichofanya kina jina. Angekuwa mtaa wangu, huyo ndiye ningemweka mbele vijana wamwone.

Mtihani wa tatu ni jirani. Kisauni si mtaa wa Wakristo peke yao. Mkristo wa Shanzu anaishi ukuta kwa ukuta na Mwislamu, wananunua viazi karai kwa mama mmoja na kugombania mtungi mmoja wa maji siku mfereji unapokauka. Sasa, kanisa linaloelekeza spika dirishani kwa jirani mwenye mtoto mchanga hadi saa tisa usiku, kisha asubuhi likamwachia kijikaratasi cha mwaliko mlangoni, linatarajia nini hasa? Gharama ya ibada hiyo inalipwa na asiyelala. Kuna makanisa yanayopunguza sauti bila kupelekwa kwa chifu. Ni jambo dogo, halitakupatia watazamaji mtandaoni, lakini majirani hawalisahau.

Najua kuna msomaji anayesema haya yote ni kuwaonea Wakristo, kwamba hata Waislamu wana wao, hata wanasiasa wana wao. Kweli kabisa. Lakini Shakahola ilifanywa kwa jina la nani? Na 1883 David Koi alikufa kwa jina la nani? Ni jina lile lile, ndiyo maana Mkristo kijana wa hapa hawezi kulikimbia swali hili kwa kusema kanisa lake ni tofauti. Na wako wengi wasiokimbia. Wako wanaofundisha watoto wa mtaa hesabu jioni bila malipo kwenye kanisa la mabati, wako wanaomchukua teja aliyelala kando ya duka na kumpeleka matibabu mara ya tatu baada ya kutoroka mara mbili. Hawa hawajiiti watumishi. Ukiwauliza watakuambia ni jirani tu.

Basi Jumapili hii, kama unakwenda kanisani, jaribu kitu kimoja. Ibada ikiisha, mfuate mweka hazina, msalimie kwa heshima, muulize sadaka ya mwezi uliopita ilikuwa shilingi ngapi na ilikwenda wapi. Usiulize kwa ubishi. Uliza kama mtu wa nyumbani. Kuna makanisa ambako atakufungulia daftari papo hapo na pengine akuombe usaidie kujumlisha. Na kuna mengine ambako utaambiwa una roho ya uasi, uombewe. Ikiwa ni hayo ya pili, matatu hazikosekani barabara ya Malindi, hata Jumapili.