Kuizoeza Kazi Injini Mpya ya Pikipiki ya Chama

Pikipiki ni chombo kinachotegemewa na vyama vingi vya msingi. Humfikisha katibu kwenye vituo vya kununulia mazao na humpeleka bwana shamba kwa wakulima. Fedha zilizoinunua zimetokana na jasho la wanachama. Kwa hiyo injini yake ikifa kabla ya wakati, hasara ni ya kila mwanachama, hata yule asiyewahi kuipanda. Uharibifu huo waweza kuanza katika siku chache za mwanzo, injini ingali mpya au ndiyo kwanza imetoka kwa fundi.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Imevishwa ringi za chuma, ambazo kazi yake ni kuzuia moto wa petroli usipenye chini na oili isipande juu. Silinda mpya, au iliyochongwa upya, si laini kama kioo. Huachwa na mikwaruzo myembamba inayokatana, ili ishike oili. Mwanzoni ringi hugusa ncha za mikwaruzo hiyo tu. Ncha zikisagika taratibu, ringi na silinda hulingana. Katika kipindi hicho msuguano ni mkubwa na joto ni jingi. Pikipiki ikikimbizwa kwa nguvu zote, pistoni hupanuka, oili hushindwa kuitenga na silinda, na pistoni hukwama.

Hata hivyo, upole uliopita kiasi nao una madhara. Mgandamizo wa moto ndio unaozisukuma ringi kwenye ukuta wa silinda. Injini ikiachwa ingurume muda mrefu pasipo mwendo, au ikiendeshwa kinyonge siku zote, ukuta hung'aa kabla ringi hazijakaa vema. Baadaye injini hiyo hula oili na kutoa moshi wa buluu.

Basi inafaa kanuni zifuatazo zishikwe. Kitabu cha mtengenezaji kikiagiza vingine, kifuatwe hicho.

1. Oili ipimwe kila asubuhi. Katika injini nyingi za mipigo minne, oili hiyohiyo hulainisha gia na klachi. Itumike oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari madogo huweza kuifanya klachi iteleze.

2. Injini ikishawashwa, ipewe dakika moja au mbili ipate joto, wala isipigwe resi.

3. Katika kilomita 500 za kwanza, mafuta yasivutwe kupita nusu. Toka 500 hadi 1,000, yasipite robo tatu.

4. Mwendo ubadilishwe mara kwa mara. Mlimani gia ipunguzwe kabla injini haijalemewa.

5. Magunia yasipakiwe. Safari ikizidi saa moja, injini ipumzishwe kidogo.

6. Zifikapo kilomita 1,000, oili ibadilishwe, chujio lisafishwe, na valvu, mnyororo na boliti zikaguliwe. Injini iliyofunguliwa na fundi yafaa ibadilishwe oili mapema zaidi, kwa sababu ya vumbi la chuma.

Wapo watakaoona haya ni usumbufu. Na watazame hesabu. Pistoni za kubadilishia katika pikipiki nyingi huongezeka ukubwa kwa hatua za milimita 0.25, mara nyingi hadi milimita 1.00. Maana yake silinda yaweza kuchongwa mara nne tu. Pistoni ikikwama na kuikwaruza, hatua moja au zaidi hupotea. Zikiisha, chama hakina budi kununua silinda nyingine au kuiwekea slivu mpya.

Ni kawaida pikipiki moja kuendeshwa na katibu leo na mjumbe wa bodi kesho, kila mmoja akidhani mwenzake ameitazama oili. Yafaa bodi imteue dereva mmoja kwa kilomita 1,000 za kwanza. Aidha, injini ipelekwe kwa fundi kabla ya msimu wa ununuzi. Msimu ukiikuta bado changa, ni afadhali kukodi chombo cha kubebea magunia kuliko kuibebesha. Gharama ya kukodi hulipwa mara moja. Silinda iliyokwaruzwa huendelea kukidai chama.

Katibu naye adai stakabadhi ya fundi inayotaja saizi ya pistoni iliyowekwa, maana bila hiyo hakuna ajuaye hatua zilizosalia. Kila safari iandikwe: tarehe, jina la dereva, kilomita, na oili iliyoongezwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na pikipiki ya chama ni mali.