Nyigu Asiye na Mwiba

"Dawa gani inaua nyigu wa viazi?" Bwana shamba anayezungukia matuta ya viazi vitamu huulizwa hivyo hadi masikio yakachoka. Nyigu mwenyewe hayupo. Aliyetua kwenye marando ni nondo wa jenasi ya Synanthedon, mwenyeji wa mashamba ya Afrika Mashariki.

Kosa lenyewe linasameheka. Mabawa yake yamekosa sehemu kubwa ya ule unga ambao nondo wengine humwachia mtu vidoleni, kwa hiyo yanaangaza kama kioo. Tena huruka mchana. Henry Walter Bates, Mwingereza aliyechunguza vipepeo wa Amazon, alieleza hila ya aina hii mwaka 1862: asiye na silaha huponea kwenye sura ya aliye nayo. Kinachomuumbua ni kiuno. Nyigu amekatika, huyu tumbo limeungana na kifua, na mwiba hana.

Kisichosameheka ni imani kwamba nyigu hudunga rando na kupandikiza funza, basi viota vichomwe moto. Ati ameonekana akibeba kiwavi! Ameonekana, ndiyo, akipeleka kitoweo nyumbani. Nyigu wanaojenga viota vya udongo humchoma kiwavi akapooza, wakamfungia humo pamoja na yai lao, na mtoto akianguliwa humla. Anayechoma kiota anamfukuza mlinzi kwa kosa la mwizi. Majivu na maji ya sabuni juu ya majani nayo ni kazi bure: mla rando hayupo juu ya majani.

Yuko wapi? Jike hutaga mayai kwa mafungu ya 70 hadi 100 kwenye marando na vikonyo vya majani. Viwavi wakianguliwa tu hutoboa na kuteremka ndani kwa ndani hadi shinani, pengine hadi kwenye kiazi. Ukipasua shina lililovimba utakuta mahandaki, na humo kiwavi mweupe anayekaribia kupenyeza mwanga, asiyezidi sentimita 2.5. Hugeuka pupa humohumo, ndani ya ngozi ya kahawia kama karatasi. Nondo anapokaribia kutoka, ganda huchungulia nje ya shina.

Mara nyingi hasara yake haistahili hata gharama ya dawa. Panda marando safi, pandishia udongo shinani mara kwa mara, ng'oa mashina yaliyovimba na kukatika. Viota viache.