Kisangani: Sokwe wa Lindi na swali linalongojea jibu katika vyuo vikuu

Katika miaka ya 1950, wakati Kisangani ilikuwa bado ikiitwa Stanleyville, wachunguzi wa maabara ya serikali ya kikoloni walifungua kambi ya wanyama kando ya mto Lindi, si mbali na mji. Sokwe mia kadhaa, pamoja na bonobo, walikamatwa katika misitu na kuletwa pale. Walitumiwa katika majaribio ya chanjo ya polio ya kunywa, iliyotengenezwa na Hilary Koprowski, mchunguzi mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani. Wengi wa wanyama hao hawakurudi porini.

Kati ya mwaka wa 1957 na 1960, watu karibu milioni moja wa Congo, Rwanda na Burundi walipewa chanjo hiyo. Polio ilikuwa ikilemaza watoto, na kutafuta dawa yake ilikuwa kazi ya maana. Lakini ni nani aliyeuliza kama sokwe wote hao walihitajika? Wakati ule, kamati za kusimamia matumizi ya wanyama hazikukuwa bado desturi.

Miaka 40 kisha, deni la ukimya huo lilirudi. Mwaka wa 1999, mwandishi Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu kilichodai kwamba chanjo ile ilitayarishwa na viungo vya sokwe na kwamba ndiyo iliyoleta SIDA kwa watu. Wachunguzi walipima chanjo ya zamani iliyobaki na hawakukuta alama yoyote ya sokwe. Mwaka wa 2004, uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba virusi vya sokwe wa upande wa Kisangani ni vya ukoo tofauti na vile vilivyoeneza SIDA duniani. Dai lilianguka. Hata hivyo, mashaka ya namna hiyo hupata nguvu pale ambapo kazi ilifanywa bila macho ya watu wengine.

Maulizo matatu

Mwaka wa 1959, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu juu ya namna ya kufanya majaribio kwa huruma. Mafundisho yao yanashikwa mpaka leo kwa maulizo matatu. Je, kazi hii inaweza kufanywa bila mnyama? Kama haiwezekani, ni wanyama wangapi wachache kabisa wanaotosha? Na hao watakaotumiwa, watapunguziwa maumivu namna gani?

Kamati ya maadili inauliza hayo mbele ya kazi kuanza, si kisha. Mwalimu ao mchunguzi anaandika mpango wake: mnyama wa aina gani, anatoka wapi, atalala wapi, atapewa dawa gani ya usingizi, na ni dalili gani ya mateso italazimisha jaribio lisimamishwe. Kamati inaweza kukubali, kuomba mabadiliko ao kukataa.

Huko Marekani, sheria iliyorekebishwa mwaka wa 1985 inadai kamati ya watu wasiopungua watatu: mmoja awe muganga wa wanyama, na mwingine awe mtu asiye wa chuo hicho. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2010, ulifunga mlango kwa majaribio juu ya sokwe, isipokuwa kwa sababu za pekee kabisa. Mwaka wa 2015, taasisi kuu ya afya ya Marekani iliacha kulipia majaribio ya kitabibu juu ya shimpanze.

Na kwetu?

Congo ina sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe. Sheria hiyo inalinda wanyama wa pori. Lakini chura aliyefungwa juu ya ubao wa darasa, sungura wa maabara ao mbuzi wa mafunzo ya uganga wa mifugo, hao ulinzi wao unategemea zaidi dhamiri ya mwalimu.

Kuna wanaosema: watoto wanakufa na malaria, nani ana wakati wa kulilia panya? Swali hilo lina uzito, na jibu lake liko katika maabara yenyewe. Mnyama mwenye hofu, njaa ao maumivu hubadilika mwilini: moyo, damu na nguvu za kupigana na magonjwa. Matokeo yake yanadanganya, na pesa kidogo za chuo zinapotea. Tena, mwanafunzi anayeshika popo ao panya wa pori bila glavu na bila kanuni anaweza kupeleka ugonjwa nyumbani kwao. Katika inchi iliyojua Ebola tangu 1976, hilo si jambo dogo.

Njia nyingine si lazima ziwe za bei kali. Moyo na mapafu ya mbuzi vinapatikana machinjioni, na mnyama aliyechinjwa kwa chakula anaweza kufundisha darasa zima. Video moja inaonyeshwa kwa wanafunzi wa kila mwaka. Na kamati yenyewe haiombi jengo jipya: inaomba muganga wa wanyama, mwalimu asiyehusika na jaribio, mtu mmoja wa nje, na daftari ambamo kila mnyama anaandikwa.

Huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kituo kikubwa cha uchunguzi kilichoundwa wakati wa Wabelgiji kina jirani mwingine tangu 2002: mahali pa kutunza sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Sokwe wanaotibiwa pale ni ndugu wa wale wa Lindi. Wale wa Lindi hawakupata mtu wa kuwaulizia. Wanyama walio leo katika maabara za vyuo vyetu wanaweza kumpata, kama wakuu wa vyuo wataamua hivyo.